Kutu ya Peugeot 404 ya mzee: usianze na fila

Kaka, umesema 404 ya marehemu mzee imeoza chini ya milango na fundi amekushauri mpake fila, yaani ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bodi unaokauka ukawa mgumu, halafu rangi. Nakuomba usikubali. Fila juu ya kutu hutuna na kubanduka baada ya mvua chache, na gari lile halistahili hivyo.

Anza kwa kugonga bodi kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kuanzia mlango wa mbele hadi tairi la nyuma. Bati zima hulia. Lililooza linatoa sauti nzito, wakati mwingine mpini unazama kabisa. Zungushia chaki hapo. Sumaku iliyofungwa kitambaa nayo itakuonyesha fila ya zamani, kwa sababu haitashika.

404 haina chesi, yaani fremu ya chini, ya kujitegemea kama lori. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kukata sehemu ya chini ya milango, egemeza gari vizuri na uchomelee vyuma vya kushikilia nafasi za milango, la sivyo milango haitafunga tena. Kata mpaka ufike kwenye chuma king'aacho. Weka bati la milimita 1, ukichomelea vitone vilivyoachana, lisije likajikunja kwa joto. Tangi la mafuta litoke kwanza, na betri pia!

Kisha praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na fila nyembamba isiyozidi milimita 3. Usiipige msasa kwa maji, inafyonza. Vaa barakoa: rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.