Chenye Maji Hakikai: Majibu kwa Maswali Yenu Kuhusu Vipodozi vya Nyumbani

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na takriban zote zinauliza kuhusu liwa (yaani msandali, mti wenye harufu nzuri), mafuta, hina na majani ambayo wasomaji wetu wanajitengenezea wenyewe nyumbani. Nimechagua tano na kuzifupisha bila kubadilisha maana. Majina ya walioandika nimeyaacha kwa ombi lao.

SWALI: Asalaam aleikum, Bi Mhariri. Nilichanganya liwa ya unga, manjano na marashi ya mawaridi, nikatia katika chupa ili niwe najipaka kila jioni. Haikupita wiki, harufu ikageuka na juu kukaota ukungu. Nifanyeje ili ikae? (Msomaji, Mkomani, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mwaga chupa yote, wala usiukwangue ule ukungu ili utumie kilichobaki chini yake, kwa sababu unaouona kwa macho ni sehemu ndogo tu ya ule uliokwisha kuenea ndani.

Kilichoharibu liwa yako ni maji. Marashi ya mawaridi, pamoja na harufu yake nzuri, ni maji, na kuvu na bakteria wakishapata maji, joto na chakula kidogo hawahitaji tena kubembelezwa. Joto la Lamu wanalo mwaka mzima, na chakula chao ni hiyo liwa na hayo manjano. Viwanda vinavyouza krimu ya kukaa mwaka mzima hutia vihifadhi vilivyopimwa kwa kiasi maalumu, ambavyo sisi majumbani hatunavyo. Wengi watakushauri utie ndimu, chumvi au kidonge cha vitamini E. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha, lakini haiui bakteria, na ndimu au chumvi, kwa kiasi ambacho ngozi inaweza kukistahimili, haifikii nguvu ya kukihifadhi kitu chenye maji. Kuichemsha chupa ni vyema, ila usafi huo hudumu mpaka hapo kidole kitakapoingia kwa mara ya kwanza.

Mama zetu hawakuitia liwa katika chupa. Liwa ilikaa kigogo kikavu, na msio, yaani jiwe la kuisugulia, kando yake. Aliyetaka kujipaka alidondoshea jiwe matone machache ya marashi, akasugua kigogo kwa kuzungusha, taratibu, mpaka ukatoka uji mzito laini unaong'ang'ania kidole, akaukusanya wote, akajipaka, kisha msio ukaoshwa na kuegemezwa ukutani ukauke. Kwa siku ya pili hakikubaki kitu cha kuoza. Huo ndio utaratibu ninaokusihi uufuate hata kama huna msio na unatumia liwa ya unga: vikavu vikae vikavu, na majimaji yaingie katika kibakuli cha leo tu, kwa kiasi cha kupaka leo.

Kwa hiyo tengeneza unga wako wa singo, yaani mchanganyiko wa kusugulia mwili, uuweke katika gudulia la kioo lenye kifuniko cha kukaza. Mawaridi yaanikwe kivulini mpaka yavunjike vidoleni kama jani kavu la mwembe, kwani ua lililokauka nusu litarudisha unyevu katika unga wote. Karafuu iwe kidogo sana, maana mafuta yake ni makali na huwasha ngozi nyororo. Manjano nunua mizizi mizima, uikate, uianike na uitwange mwenyewe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu zipo nchi, Bangladesh ikiwa mojawapo, ambako manjano ya unga yamekutwa yametiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Chota kwa kijiko kikavu. Ukichanganya kikabaki, kiweke ndani ya friji kikiwa kimefunikwa, na baada ya siku mbili au tatu kitupe hata kama hakijanuka.

Nyongeza moja kwa watu wa Lamu: maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na ngozi iliyosuguliwa haiyapendi. Changanyia marashi, au maji matamu yaliyochemshwa yakapoa.

SWALI: Mimi hupika mafuta yangu ya nazi. Mara nyingine hukaa miezi mingi yakiwa mazuri, mara nyingine hunuka upesi, na nazi ni za mnazi ule ule. Tofauti inatoka wapi? (Mama wa watoto watatu, Maweni, Malindi)

JIBU: Inatoka motoni, mama, mwishoni mwa upishi. Kukuna nazi kwa mbuzi, kukamua tui zito kwa kifumbu na kulibandika jikoni, hayo nina hakika unayafanya sawasawa. Penye kasoro ni pale mafuta yanapoanza kuonekana juu na mtu akaona kazi imekwisha. Wakati huo bado yana maji ndani yake.

Sikiliza sufuria. Maji yakiwamo, utasikia mchemko mzito na mapovu makubwa. Yanapokaribia kwisha mapovu huwa madogo, sauti hupungua, na yale mashapo meupe hugeuka rangi ya dhahabu, kisha ya kahawia. Hapo punguza moto usiyaunguze, ngoja mpaka sauti inyamaze kabisa, epua, acha yapoe, na uyachuje kwa kitambaa kikavu. Nasema kikavu kwa sababu wengi hukisuuza kitambaa dakika ile ile wakayarudishia mafuta maji waliyokuwa wameshinda wakiyafukuza. Chupa nayo, ukishaiosha, ianikwe kutwa nzima. Chupa ya kioo cheusi iliyowekwa kabatini hushinda ya plastiki iliyo dirishani, kwani mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoyachachisha mafuta hata yasiyo na maji.

Usitishike ukiona yamefifia au kuganda asubuhi za kusi. Mafuta ya nazi huyeyuka penye joto la karibu nyuzi 24, na chini ya hapo huganda. Hilo ni umbile lake na halina uhusiano na kuharibika. Yapake mwilini na kwenye nywele upendavyo, hata mtoto mchanga mwenye ngozi isiyo na vidonda. Usoni, kwa mtu anayetoka chunusi, siyapendekezi, kwa sababu huziba vitundu vya ngozi.

Na kwa kuwa umetaja mwishoni mwa barua kwamba jirani amekupa mafuta ya mwarobaini umtie mtoto tumboni kwa minyoo, nakusihi usimpe hata tone. Mafuta hayo yakinywewa na mtoto mdogo yanaweza kumletea degedege na kumdhuru ubongo. Yafungie mahali asipofikia, na habari ya minyoo ipeleke zahanati.

SWALI: Nina mabaka meusi yaliyoachwa na chunusi. Niliambiwa nipake ndimu na soda ya kupikia kila asubuhi. Sasa uso umewaka, na mabaka yamezidi kuwa meusi. Je, niongeze siku au niache? (Binti wa miaka 22, Malindi)

JIBU: Acha leo, binti yangu. Ngozi yenye afya ina uchachu mdogo, karibu 5 kwa kipimo cha pH. Ndimu ni kali kuliko hivyo kwa mbali, ikikaribia 2, na soda ya kupikia iko upande wa pili, juu ya 8. Wewe umeiyumbisha ngozi huku na huku kila asubuhi, kisha ukatoka nayo juani. Maji ya ndimu yana viambato ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza, mara nyingine mpaka malengelenge, na palipoungua hubaki alama nyeusi. Ndiyo maana dawa ya mabaka imekuzidishia mabaka.

Kwa sasa osha uso kwa maji na sabuni isiyo kali, na upoze kwa mshubiri. Jani la mshubiri lina utomvu wa manjano chini ya gamba lake ambao huwasha, kwa hiyo likate, lisimamishe katika kikombe kwa robo saa utomvu utiririke, ndipo ulimenye, uusuuze ule ute mweupe na kuupaka. Ute huo nao ni maji matupu, haukai. Jani lililobaki lifunge uliweke ndani ya friji, na kila siku ukate kipande kipya. Uso ukishatulia kabisa unaweza kupaka asali halisi kwa dakika 15 mara moja kwa wiki. Asali yenyewe haiozi kwa kuwa maji yake ni machache mno, ila ukiichanganya na kitu chenye maji huanza kuchacha kama vingine vyote.

Kitu kipya chochote kijaribu kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ungoje siku mbili kabla ya kukipandisha usoni. Mabaka yanayotokana na chunusi au kuungua huchukua miezi kufifia, na kinachoyafifisha zaidi ni kukingwa na jua: mtandio, kofia pana, mwavuli, na krimu ya dukani ya kuzuia jua. Hapa siwezi kukupa cha kujitengenezea, kwa sababu mafuta ya nazi, au mafuta mengine yoyote ya jikoni, hayazuii jua kwa kiasi cha kutegemewa.

Naogopa kitakachofuata ni mtu kukuletea krimu ya kung'arisha isiyo na maandishi kamili. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kuuzwa nchini kama vipodozi. Zebaki hupenya ngozi ikaharibu figo. Mabaka yako si ugonjwa wa kuuzia figo. Yasipopungua baada ya miezi kadhaa, au chunusi zikiendelea, muone daktari wa ngozi.

SWALI: Namwoza mwanangu baada ya Idi. Kungwi anasema hina pekee haitoki vizuri siku hizi, lazima piko. Nami ningependa kila kitu kiwe cha asili. Vilevile bibi yake anataka kumpaka hina mjukuu wa miezi miwili ili apendeze harusini. (Mama, Langoni, Lamu)

JIBU: Hongera, dada, na Mungu awape heri. Mwambie kungwi, kwa heshima zake zote, kwamba piko si hina. Hina ni jani, na rangi yake huanza ya machungwa, ikakolea kuwa nyekundu ya kahawia kwa muda wa siku moja hadi mbili. Weusi unaoshika kwa saa moja ni wa rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilinidayamini. Ngozi ya mtu ikiikataa huvimba, hutoka malengelenge kwa ramani ile ile ya maua yaliyochorwa na huacha makovu, na mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha yote. Bi harusi huyo hataweza tena hata kupaka nywele rangi bila hatari.

Rangi ya hina hufifia kwa unga uliokaa sana na kwa haraka. Tafuta majani ya msimu huu, yatwangwe na kuchekechwa kwa kitambaa chembamba. Unga ukandwe kwa maji ya uvuguvugu na ndimu kidogo, uachwe usiku kucha mpaka uso wa rojo ugeuke kahawia. Hapa ndimu haina madhara ya yule binti wa Malindi, maana ni chache na bi harusi yumo ndani, hapigwi na jua. Apakwe siku mbili kabla ya harusi, hina ikae saa sita au zaidi, ikwanguliwe bila kuoshwa, na mikono isiguse maji mpaka kesho yake. Itakolea.

Mjukuu asipakwe. Wapo watoto, na hapa pwani si wachache, wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwao hina huvunja chembe nyekundu za damu, mtoto akageuka rangi ya manjano ngozi na macho, na akapata upungufu mkubwa wa damu. Kwa kuwa hakuna anayejua ni mtoto yupi mpaka apimwe, bibi amvike nguo nzuri.

SWALI: Nataka kuwauzia wageni vipodozi vya asili. Nianze na nini? (Kijana, Shela, Lamu)

JIBU: Anza na mafuta ya mgando, kwa sababu hayana maji. Kwa uzito, chukua sehemu 1 ya nta safi ya nyuki na sehemu 4 za mafuta ya nazi, weka katika bakuli kavu juu ya sufuria ya maji ya moto, na uhakikishe halipati hata mvuke. Nta huyeyuka penye nyuzi 62 hadi 64. Dondosha tone kwenye sahani baridi: likiwa laini mno ongeza nta, likiwa gumu ongeza mafuta. Mimina katika vikopo vikavu, na usifunike mpaka yapoe, la sivyo mvuke utaganda chini ya kifuniko na kukurudisha kwenye shida ya msomaji wangu wa Mkomani. Andika kila kilichomo na tarehe uliyotengeneza, na usiandike kwamba yanatibu ugonjwa wowote. Kabla ya kuyapeleka madukani, nenda KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, ukaulize utaratibu wa kupata alama ya ubora kwa wazalishaji wadogo.