Picha ya mzee iko wapi?

Jumanne moja saa nne usiku mama mmoja alinipigia simu kutoka Bungoma. Nilikuwa nimepiga picha za harusi ya binti yake Desemba 2019. "Mwanangu, mzee ametuacha. Ile picha yake ameketi na kofia, tafadhali nitumie. Programu ya mazishi inachapishwa Alhamisi." Nikamwambia pole sana mama, kesho asubuhi utaipata. Niliahidi kabla ya kufungua kompyuta.

Humo kulikuwa na folda tatu: "Harusi", "Harusi mpya" na "Harusi mpya kabisa". Ndani, maelfu ya majina kama IMG_4471. Kamera yangu huhesabu kwa tarakimu nne. Ikifika 9999 inaanza upya. Harusi moja napiga kama picha 1,500, kwa hivyo kwenye harusi ya saba namba zinaanza kujirudia. Nilikuwa na IMG_4471 nne, za familia nne. Nikapekua hadi majogoo, hapa Manyatta, Kisumu. Picha ilipatikana Jumatano jioni kwenye diski ya nje, ndani ya folda niliyoiita "Takataka".

Tangu siku hiyo folda zangu zinaanza na tarehe, mwaka ukitangulia: 2019-12-14 Bungoma harusi. Ukianza na mwaka, kompyuta inazipanga yenyewe. Jina la kila picha nalibadilisha wakati uleule wa kuingiza kadi, maana nikisema nitafanya kesho, sifanyi. Na kama mko wapiga picha wawili, linganisheni saa za kamera kabla ya kutoka nyumbani. Kamera ya msaidizi wangu iliwahi kuwa nyuma kwa saa nzima. Kwenye skrini bibi harusi akaingia kanisani mara mbili.

Natumia Lightroom Classic, programu ya kompyuta ya kupanga na kurekebisha picha. Hapo wengi huumia, nami niliumia: katalogi haina picha ndani yake. Ni kama daftari tu, linaloandika picha iko wapi na umeirekebisha vipi. Ukihamisha folda nje ya programu, daftari linabaki na anwani ya zamani, na picha zinawekewa alama ya mshangao. Hamisha ukiwa ndani ya Lightroom. Na ile nakala ya akiba inayokuuliza ukifunga programu ni ya daftari peke yake. Picha zenyewe lazima uzinakili mwenyewe kwenye diski nyingine; stima zetu za kupotea na kurudi ghafla mnazijua. Asiyetaka kulipia kila mwezi ajaribu digiKam au darktable, ni za bure.

Kuchagua nafanya haraka: X kwa mbovu, P kwa nzuri, na Caps Lock ikiwa imewashwa picha inayofuata inakuja yenyewe. Sirekebishi rangi ya picha hata moja kabla sijamaliza kuchuja zote. Mambo ya kuipa kila picha alama za nyota, moja hadi tano, niliacha. Nilikuwa nakaa dakika nzima nikijiuliza kama hii ni ya tatu au ya nne.

Lakini kuna neno moja la utafutaji ambalo siachi kuliandika: "mzee". Kwenye kila sherehe natafuta wazee, kina baba na kina nyanya, nawapiga kila mmoja peke yake akitazama kamera, nuru nzuri usoni. Hawaniagizi, wala silipwi zaidi. Huku kwetu familia nyingi hugundua siku ya msiba kwamba picha pekee ya baba ni ya kitambulisho.

Juzi kijana wa Mumias alipiga simu kwa shida ileile. Nikaandika "mzee", nikachagua mwaka 2021, zikatokea nne za babu yake. Nilimtumia kwa WhatsApp kama faili, si kama picha, kwa sababu ukituma kama picha WhatsApp huibana, na ikibanwa itachapishwa na ukungu. Alikuwa bado kwenye simu ilipomfikia.