Mimi Nina Miaka 41, Mapafu Yangu Yana 58

Kijana mmoja kaniandikia wiki hii: "Kaka, nataka kukopa nichukue boda nije Kampala. Wewe ulianzaje?"

Angeniuliza miezi miwili nyuma ningemjibu kwa majigambo. Boda imesomesha wadogo zangu watatu na kuninunulia kiwanja Mukono. Sigara sijawahi kugusa, waragi ndiyo kabisa.

Halafu nikaomba kazi ya udereva wa lori. Kampuni siitaji. Walitupeleka kupimwa, nesi akanibana pua kwa kibanio, akanitia mrija wa karatasi mdomoni. "Vuta yote! Sasa puliza, puliza, puliza, usiache!" Mara tatu. Ya tatu nikaona nyota. Mashine ikatema karatasi: umri 41, na chini yake, umri wa mapafu 58.

"Unavuta?"

"Sivuti."

"Kazi yako?"

"Boda. Miaka 14, stejini Kalerwe."

"Aa," akasema, akaita anayefuata.

Kazi sikupata. Aliyepata ni dogo niliyemfundisha mwenyewe kushika usukani. Tuyaache.

Tangu siku hiyo nasoma. Nilidhani adui ni lile vumbi jekundu la barabarani, na leso niliyofunga puani miaka yote ilitosha. Kumbe vumbi hilo sehemu kubwa hunaswa puani na kooni. Linalozama ni moshi: chembe za chini ya mikromita 2.5, yaani unywele mmoja una upana wa chembe kama thelathini. Leso haizioni. Zinashuka hadi vifuko vya hewa, na huko zinakutana na seli za kinga ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu. Kijidudu kikimezwa huyeyushwa. Masizi ya dizeli hayayeyuki. Seli inabaki nayo tumboni.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichunguza tezi za limfu, yaani vituo vya mwilini ambamo seli za kinga hukusanyika, za watu 84 waliotoa viungo baada ya kufa, wa miaka 11 hadi 93. Matokeo yalichapishwa 2022. Tezi za mapafuni zilizidi kuwa nyeusi kadiri umri ulivyopanda, ilhali za utumbo hazikuwa hivyo. Na makrofaji zilizoshiba masizi zilikuwa zimepungukiwa na nguvu ya kumeza. Nilisoma hapo mara mbili. Mafua yaliyokuwa yakinishika siku tatu sasa yanakaa wiki tatu, nami nilikuwa nikilaumu baridi ya alfajiri.

Tena seli hizo zikisumbuliwa hutoa kemikali za kuita wenzake. Wito usiokoma huleta uvimbe usiokoma, na uvimbe wa namna hiyo huchosha mishipa na moyo kabla ya wakati wake.

Basi kijana wangu, ukija, nunua barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo, achana na leso. Kwenye foleni usijibanze nyuma ya lori, hata kama abiria anakupigia kelele. Angalia vipimo vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Hao wamefunga vipimo hata kwenye boda. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo ya hewa, na Kampala tunaupita mara kadhaa. Jiko la mkaa litoke ndani. Barakoa nimeshasema? Nasema tena, vaa.

Na nyie mnaochoma kavera, mifuko ya plastiki, jioni nyuma ya nyumba, mnamchomea nani? Moshi hauna uzio. Tunakimbilia kanisani na msikitini kuombewa kifua, tukirudi tunawasha takataka. Mimi mwenyewe nimechoma miaka mingi, sijitoi.

Kuhusu mkopo, nitakujibu kwa simu. Piki yangu bado naendesha. Ada za muhula huu hazijaisha. Na ile kampuni hadi leo haijanirudishia vyeti vyangu.