Saratani ya figo iliyoingia kwenye mafuta yanayoizunguka

Ndugu yangu, pole sana kwa ugonjwa wa baba. Unauliza kama saratani kuingia kwenye mafuta yanayozunguka figo kunamaanisha kwamba hakuna tena tumaini, hapana. Ikiwa haijavuka utando unaofunika figo pamoja na mafuta hayo, wala haijafika kwenye tezi za limfu au viungo vya mbali, huhesabiwa kuwa hatua ya 3, ambayo kwa kawaida hufanyiwa upasuaji kwa nia ya kuponya, ingawa uwezekano wa kurudi ni mkubwa kuliko wa uvimbe uliobaki ndani ya figo. Ikivuka utando huo huwa hatua ya 4, na matarajio hupungua sana.

Msitazame hatua peke yake. Mwombeni daktari wa saratani awaeleze daraja la seli, yaani jinsi seli za saratani zilivyo tofauti na seli za kawaida, kuanzia 1 hadi 4, na kama mshipa wa figo umeingiliwa. Muulizeni pia kuhusu tiba ya kinga, yaani dawa zinazosaidia kinga ya mwili kupambana na saratani, baada ya upasuaji.

Nilipomuuguza mjomba wangu, tuliacha vipimo vya ufuatiliaji kwa sababu alijisikia vizuri, na bado linaniuma. Baba akikojoa damu, akikohoa mfululizo au akiumwa mifupa, msisubiri tarehe ya kliniki.