Shangazi, nimeokoka miaka saba lakini nimedumaa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka saba tangu niokoke. Nafunga Jumatano na Ijumaa, sikosi kesha, na kila mwaka naimaliza Biblia nzima. Lakini sijawahi kunena kwa lugha, na rafiki yangu niliyemleta kanisani mimi mwenyewe mwaka jana tayari anatabiri. Kiongozi wetu wa maombi ameniambia kuna dhambi nimeificha, ndiyo inayonizuia kupanda. Nimejichunguza mpaka nimechoka. Mwezi wa nne sasa, nikiomba ni kama naongea na ukuta. Juma lililopita nimetoka kesha asubuhi, mwanangu wa miaka sita akamwaga maji juu ya Biblia yangu. Nilimpigia kelele hadi akajificha nyuma ya mlango. Baadaye nilimfuata, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha, lakini moyo uliniuma siku nzima. Dada yake alipokuwa na umri huo nilikuwa nampigia kelele kila siku na wala sikuona shida. Kama hapa ndipo nilipofika baada ya miaka saba, si afadhali niache tu? — Niliyedumaa*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikapigia mstari sentensi moja. Nitaifikia. Kwanza nataka tuzungumze juu ya kipimo unachojipimia, maana naona umejipima kwa kipimo kisicho chako, na majibu yake umeyapokea kama hukumu.

Unahesabu karama. Rafiki yako anatabiri, wewe hutabiri, basi yeye yuko juu na wewe uko chini. Sasa fungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Kanisa lile Paulo analishukuria mwanzoni kabisa, sura ya 1, kwamba halikupungukiwa na karama yoyote. Lugha walikuwa nazo, unabii walikuwa nao. Geuza kurasa mbili tu, ufike sura ya 3, uone anavyowaita watu wale wale: “watoto wachanga katika Kristo”. Anasema aliwanywesha maziwa kwa sababu chakula kigumu hawakukiweza. Na sababu anaitaja: kwao kulikuwa na husuda na fitina. Ukifika sura ya 11 unawakuta kwenye meza ya Bwana, huyu ana njaa na huyu amelewa, wala hawangojani.

Soma hapo polepole, mwanangu. Watu waliojaa karama wanaitwa wachanga, na kinachowaonyesha uchanga wao ni jinsi wanavyoishi wao kwa wao. Karama ni njema, na sitaki umdharau rafiki yako wala umwonee wivu, furahi naye. Ila karama ni zawadi. Roho humgawia kila mtu kama apendavyo Yeye, na Paulo mwenyewe anauliza, “Wote wanena kwa lugha?” akijua jibu ni hapana. Zawadi inakueleza habari za aliyeitoa. Mtu anaweza kuipokea leo, siku ya kwanza ya wokovu wake, akiwa bado hajajifunza kunyamaza anapotukanwa.

Kinachokua ni tunda. Katika Wagalatia 5 limeandikwa “tunda la Roho”, moja, ingawa sisi midomoni tumezoea kusema matunda. Upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Angalia orodha hiyo vizuri: karibu hakuna kitu hapo unachoweza kukionyesha ukiwa peke yako umefunga mlango. Uvumilivu unahitaji mtu wa kukuchosha. Upole unahitaji mtu aliyekuudhi. Kwa hiyo wa kuulizwa kama umekua ni wale unaokaa nao ndani, kabla ya wale wanaokusikia ukiomba kwa sauti.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Nilipokuwa mama wa watoto wadogo nilikuwa na daftari. Kila usiku nilijaza: saa nilizoomba, sura nilizosoma, siku nilizofunga. Nilikuwa nalipenda daftari lile. Jioni moja marehemu mume wangu, mtu asiye na maneno mengi, aliniambia taratibu, “Mama, siku unazofunga sisi huku ndani tunakaa kimya, tunakuogopa.” Sikumjibu. Niliingia chumbani nikalia, mwanzoni kwa hasira, kisha kwa aibu. Nilikuwa nimefunga chakula, lakini ukali nilikuwa naula mchana kutwa. Daftari lile lilionyesha nimepanda sana, na watoto wangu wenyewe walikuwa wakinikwepa.

Basi hebu turudi kwenye ile sentensi niliyoipigia mstari. Umeandika: “Nilimfuata, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha.” Umeiandika kama ushahidi wa kudumaa. Ukaendelea kusema kwamba dada yake ulimpigia kelele kila siku na hukuona shida.

Mwanangu, umejijibu mwenyewe na hukusikia.

Zamani ulikosa, na kosa likapita bila jina. Leo umekosa, na kabla siku haijaisha umeshapiga magoti sakafuni, usawa wa macho ya mtoto wa miaka sita, mtu mzima anamwambia mtoto, “Nimekukosea.” Unajua ni watu wazima wangapi wanaoweza kufanya hivyo? Nimewafahamu watumishi waliohubiri miaka 30 ambao wanao hawajawahi kusikia neno samahani kutoka kwao. Ukitaka kupima kukua kwako, pima umbali kati ya kosa na toba. Kwako ulikuwa umbali wa miaka, wengine hufa hawajaumaliza. Sasa ni wa saa chache. Itafika siku utanyamaza ukiwa katikati ya sentensi, na siku nyingine utaishika pumzi kabla sentensi haijaanza.

Na yale maumivu ya siku nzima? Hayo pia umeyasoma vibaya. Wengi wetu tunadhani kadiri mtu anavyokua kiroho ndivyo atakavyojiona safi zaidi. Mtazame Paulo. Akiwaandikia Wakorintho anajiita mdogo katika mitume. Akiwaandikia Waefeso anajiita mdogo kuliko aliye mdogo wa watakatifu wote. Akimwandikia Timotheo, mtu mzima aliyeshavuka mengi, anasema Kristo alikuja kuwaokoa wenye dhambi, “ambao wa kwanza wao ni mimi”. Je, alikuwa anazidi kuharibika? Taa ikiongezwa mwanga chumbani, vumbi unaloliona halijaingia wakati huo. Lilikuwepo siku zote.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo. Tunafikiri aliyekomaa hamhitaji tena Mungu kwa kilio, mambo yake yamenyooka, majaribu yamemwisha. Huko ni kufikiri kwa mfano wa mtoto anayekua ili ahame kwa wazazi wake. Bwana Yesu alitumia mfano wa mzabibu na matawi: “pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote.” Tawi nene lenye miaka mingi linashikamana na shina vile vile kama chipukizi la juzi. Likiachana nalo linakauka, hata liwe na vichala vingapi.

Kuhusu kiongozi wako wa maombi, nitasema wazi. Alikukosea. Huenda alisema kwa nia njema, lakini kumwambia mtu “una dhambi umeificha” bila kujua ni ipi ni kumpa mzigo usio na mahali pa kuutua. Roho Mtakatifu anapomkemea mtu hutaja jambo: ulimdanganya fulani, umeshika kisicho chako, hujamsamehe ndugu yako. Unaweza kulitubu, likaisha. Lawama isiyo na jina, inayokuzunguka tu na kukuambia kwamba wewe mzima ni tatizo, haitoki kwake. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akawajibu si yeye wala wazazi wake. Ikiwa umejichunguza kwa unyofu na hakuna kilichotajwa, acha kuchimba. Na kama kipo unachokijua, nenda kakitengeneze mchana kweupe, ukimaliza usikifukue tena.

Sasa huo ukuta. Miezi minne ya kuomba bila kusikia kitu ni mirefu, siichukulii kwa wepesi. Lakini kutohisi si kutokuwepo. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inamalizika gizani, hakuna mstari wa furaha mwishoni, na bado iliwekwa ndani ya kitabu cha sala. Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 dunia ilishtuka kusoma kwamba kwa karibu miaka 50 sala yake ilikuwa kavu, mbinguni kimya, na kila asubuhi alikuwa akiamka kwenda kwa maskini wake. Simtaji ili nikuambie utakaa hivyo miaka 50. Namtaja kwa sababu kama hisia zingekuwa ndizo kipimo, mwanamke yule angehesabiwa kuwa amekufa kiroho.

Halafu niulize kitu cha kawaida kabisa: unalala saa ngapi? Unafunga siku mbili kwa juma, unakesha, unalea watoto, na asubuhi ya kesha umemkuta mtoto na maji. Eliya alipotoka mlima Karmeli, moto umeshashuka, alikimbia hadi nyikani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika aliyekuja hakumhoji dhambi zake. Alimgusa akamwambia inuka, ule. Kulikuwa na mkate na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili, akala tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, katika sauti ndogo ya utulivu. Sehemu ya ukuta wako, mwanangu, nadhani ni uchovu.

Kwa hiyo, kwa mwezi mmoja, weka kesha pembeni na ulale. Kufunga nako kupumzishe, au badala ya chakula funga kupandisha sauti ndani ya nyumba, hiyo ni saumu ngumu kuliko zote mbili. Usomaji wa Biblia nzima uache kwanza. Chukua Marko peke yake, aya chache kwa siku, usihesabu. Kama maneno ya kuomba yamekwisha, soma zaburi kwa sauti, ukae kimya dakika chache, uinuke ukafanye kazi zako. Watakaokuambia umepoa wajibu kwa upole kwamba unapumzika kwa ushauri wa mtu mzima. Na ukiona usingizi hauji hata ukijilaza, chakula hakipandi, na fikra ya kuacha imegeuka kuwa fikra ya kutotaka kuishi, usingoje mwezi uishe: mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo na uende kwa daktari. Kumwona daktari hakumpunguzii mtu imani.

Sikuambii ukae tu, kukua kutajileta. Mpanzi hupanda na kumwagilia. “Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu.” Miaka saba umepanda na kumwagilia kwa bidii ambayo natamani vijana wangu wangekuwa nayo. Kosa lako ni kwamba kila jioni umekuwa ukirudi shambani kuifukua mbegu uone imefikia wapi. Mbegu katika Marko 4 inamea wakati mwenye shamba amelala, “asivyojua yeye”: kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke. Jani si ngano iliyoshindwa. Hata Paulo, mwisho mwisho wa safari, aliandika, “Si kwamba nimekwisha kufika.” Wewe nani amekuambia miaka saba ni mwisho wa mstari?

Usiache. Ongea na dada mtu pia, yule mkubwa. Yule mdogo umemwomba msamaha kwa kelele za siku moja, na huyu mkubwa ana miaka ya kelele ambayo hajawahi kuambiwa neno. Mtafute mkiwa wawili, usimweleze ulivyokuwa umechoka, mwambie tu ulimkosea na unakumbuka. Anaweza kunyamaza, anaweza kulia, anaweza kusema ameshasahau. Mpokee vyovyote atakavyokuwa.

Na Biblia yako iliyolowa, usiinunulie nyingine. Zitenganishe kurasa moja moja zikauke. Zitabaki zimejikunja, lakini zitasomeka. Mwite mwanao akusaidie kuzitenganisha, vidole vyake vidogo vinafaa kazi hiyo, na mkifika kwenye Marko msomee aya mbili tatu. Kisha uniandikie.

Shangazi yako