Maswali ya Wasomaji: Likoni haijazama, mwambie nyanya alale

SWALI: Salaam aleikum kaka. Mimi niko Kisauni, nimesomea upimaji wa ardhi na sasa najifundisha mwenyewe nyumbani haya mambo ya kupima ardhi inavyosonga kwa rada ya setilaiti. Nilipakua picha mbili za setilaiti ya rada inayoitwa Sentinel-1 za hapa Mombasa, moja ya Januari moja ya Mei, nikazipitisha kwa SNAP, ile programu ya kuchakata picha za setilaiti, vile nilivyoona kwa video, ikatoka interferogramu, yaani picha ya tofauti kati ya zile mbili, ina rangi kama upinde wa mvua, na Likoni yote imetoka nyekundu ikaishia buluu. Nikateleza ulimi nikamwambia nyanya, yeye anakaa Likoni, kwamba huenda ardhi inazama, sasa hata usingizi hapati. Nimekosea wapi? Halafu laptopu yangu ina RAM ya 8, kila saa inaganda.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kwanza mpigie nyanya simu, halafu urudi tuongee.

Hizo rangi bado si sentimita. Hizo ni fezi, na fezi ni kama mshale wa dakika, unakuonyesha umefika wapi kwenye mzunguko lakini haukwambii umezunguka mara ngapi. Wimbi la Sentinel-1 lina urefu wa kama sentimita 5.6, na kwa vile linaenda na kurudi, mzunguko mmoja mzima wa rangi ni nusu yake, yaani sentimita 2.8 hivi, tena kwa upande ule setilaiti inakotazama, maanake inatazama kwa mshazari, haitazami chini wima. Kuhesabu hiyo mizunguko ni kazi ya programu ingine, SNAPHU, unatoa data kutoka SNAP unaipeleka huko halafu unairudisha, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokwama wakaamua kusoma rangi kwa macho. Nahisi nawe ulifanya hivyo hivyo.

Lakini kosa kubwa ni hizo tarehe. Januari ni kaskazi, hewa kavu kidogo, Mei ni masika yenyewe, mbingu imelowa. Mvuke unachelewesha wimbi, na wimbi likichelewa programu inadhani ardhi imekwenda mbali. Unyevu wa hewa ukitofautiana kwa asilimia 20 tu unaweza kukuzulia sentimita 10 na zaidi ambazo hazipo! Kwa hivyo wewe umepima masika, hujapima Likoni.

Kuna mtihani mmoja mzuri sana na haugharimu kitu. Setilaiti ile ile inarudi kila siku 12, sasa chukua picha tatu zinazofuatana, unganisha ya kwanza na ya pili, halafu ya pili na ya tatu. Kama lile doa la Likoni linashuka kwenye jozi ya kwanza halafu linapanda kwenye jozi ya pili, jua ni hewa ya ile siku ya katikati, maanake picha ya pili iko kwenye jozi zote mbili. Ardhi yenyewe haichezi hivyo, ikishuka inaendelea kushuka. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa wiki nzima na "uvimbe" kule Mariakani, kumbe wingu.

Halafu kabla ya rangi yoyote fungua tabaka la kohirensi, yaani jinsi mwangwi wa rada wa picha zako mbili unavyofanana, linakwenda kutoka 0 mpaka 1. Ivute Kilindini uitazame kwa karibu: majini ni chenga tupu kama TV isiyo na antena, hapo hakuna kipimo hata rangi zipendeze vipi. Gatini na kwenye mabati ya magodauni ya Shimanzi panang'aa, vitu vigumu havibadiliki. Teremka Mtongwe penye minazi na miembe, chenga tena, majani yanapepea na wimbi fupi kama hili haliyapiti. Wengi wanakata kila kitu kilicho chini ya 0.3 na mimi pia nafanya hivyo. Ukishakata, angalia Likoni imebaki na pikseli ngapi za kuaminika kabla hujatisha mtu.

Na kumbuka kila namba ni ya kulinganisha, lazima uchague mahali useme hapa ni sifuri. Chagua penye mwamba na kohirensi kubwa, tuseme majengo ya karibu na Fort Jesus, usiweke sifuri yako juu ya mnazi.

Ningekuwa wewe nisingeanzia Mombasa kabisa. Anzia mahali jibu linajulikana, kwa mfano tetemeko la Amatrice, Italia, la tarehe 24 Agosti 2016, Sentinel-1 ililipiga vizuri na ardhi ilishuka kama sentimita 20. Ukikosea utajua umekosea. Na usidhani ni mambo ya ng'ambo tu, hapa kwetu mlima Paka kule Baringo ulivimba zaidi ya sentimita 20 kati ya 2006 na 2007 na ni rada ya setilaiti iliyougundua.

Laptopu: RAM ya 8 itakutesa, SNAP inataka 16. Faili moja ni kama GB 4 ikiwa bado imefungwa, kwa hivyo usiibebe nzima, kata mwanzo kabisa, ukanda mmoja kati ya zile kanda tatu za picha, IW1, IW2 na IW3, vipande viwili vitatu tu, na VV peke yake (wimbi linalotumwa wima na kupokewa wima). Ama waachie Alaska Satellite Facility wakupikie, wana huduma inaitwa HyP3, unaagiza jozi zako wanakutengenezea interferogramu bure, kisha unazilisha programu ya MintPy upate mwendo wa miaka. Jozi moja haisemi kitu kuhusu kuzama polepole.

Ukishapanga picha 20 na zaidi, hewa umeiondoa, na Likoni bado inashuka, niandikie tena. Nyanya usimwambie kabla yangu.