Meno ya plagi, bolti ya oili na hedi: maswali yenu

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya meno (ile misokoto ya kukazia) yaliyoliwa, na nyuma ya kila moja kuna mtu aliyekaza mpaka roho yake ikaridhika. Haya.

Swali: Fundi, plagi ya kuwashia mafuta kwenye injini inazunguka tu haikazi, niizungushie tepu ya bomba?
Hapana.

Swali: Na gundi ya chuma je?
Hapana pia! Hili naulizwa kila mara. Mle ndani kuna moto na presha, gundi itaachia, plagi itaruka pamoja na koili yake, mlio kama bunduki.

Swali: Nimefungua plagi imetoka na alumini imejiviringisha kwenye meno kama springi. Lazima hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ishuke?
Si lazima, ila uwe na mikono iliyotulia. Pima kwanza, nyingi ni M14 × 1.25, yaani upana milimita 14 na meno yameachana milimita 1.25, lakini siku hizi za M12 zimejaa. Tafuta seti ya kutengeneza meno ya plagi yenye tapu yake, kile chuma cha kukatia meno, maana tapu ya kawaida ya 14 haina cha kukata pale, meno yashaisha. Meno mapya ya kuingiza ni ya aina mbili: Helicoil ni waya uliosokotwa, Time-Sert ni bushi nzima, kijibomba chenye meno, na kwa plagi mi nachukua bushi, waya ukikaa vibaya siku ya kubadilisha plagi unatoka nayo. Urefu ulingane na meno ya plagi, bushi ikichomoza ndani ya silinda inawaka kama kaa na mafuta yanalipuka kabla ya wakati.

Sasa chembe za alumini ndo zinazoua injini. Shusha pistoni usije ukaigonga na tapu, jaza grisi kwenye mifereji ya tapu, zungusha nusu raundi rudisha robo, toa, utaona grisi imegeuka rangi ya fedha, futa, paka nyingine, endelea hivohivo hata kama inakuchosha. Ukimaliza vuta kwa mpira mwembamba wa vakyumu, halafu piga stata plagi ikiwa nje, we ukae pembeni.

Swali: Bolti ya kumwagia oili inavuja, fundi kasema niikaze zaidi.
Mwambie akaze mdomo. Badilisha washa, ile pete ya chini ya bolti. Kama meno yamekwisha kweli weka bushi au sampu (bakuli la oili) nyingine, na zile bolti nene zinazojikatia meno zenyewe usiziguse, kila ukifungua zinakula alumini tena na vipande vinaingia kwenye sampu.

Swali: Plagi mpya nipake grisi?
NGK, watengenezaji wa plagi, wenyewe wanasema usipake, plagi zao zina koti la kinga tayari. Ukiilainisha, toki (nguvu ya kukaza) ileile inavuta meno zaidi. M14 yenye gasketi, ile pete yake, kwenye hedi ya alumini ni Nm 25 hadi 30, huna toki renchi basi kwa vidole mpaka ikae, halafu nusu raundi, ikizidi sana theluthi mbili. Na injini iwe baridi jamani, plagi nyingi zinang'oa meno kwa sababu mtu kafungua gari limetoka safari sasa hivi.

Swali: Gari langu bolti ya hedi haishiki toki, nifanyeje?
Gari gani? Injini gani? Mnaandika "gari langu" kama vile nimelipaki mimi. Ila kama ni Toyota yenye injini ya 2AZ-FE ugonjwa wake unajulikana, meno ya bloku (mwili wa injini chini ya hedi) yanaachia, hasa bolti za nyuma, maji yanapungua na gari linachemka. Hapo hedi inashuka, na usiweke bushi kwenye tundu moja ukaacha mengine, utaishusha tena. Drili inyooke kwa kifaa cha kuiongoza, si kwa macho, na bolti ziwe mpya. Ukiandika tena taja injini.